Mzaramo wa Mdundo Mmoja

Mtu akifa watu hupata adabu ghafla. Siku tulipomzika fundi mitambo wa muziki wa Gongoni nilikaa jamvini na kina mama wenzangu, nikawasikiliza watu wazima wakisema uongo mchana kweupe. Eti alikuwa mpole. Eti hakuwahi kuringa. Eti alikuwa na sikio la ajabu, Tabora haijapata kuona sikio kama lile. Hapo niliuma ulimi. Mimi ni Mnyamwezi na yeye alikuwa Mzaramo, yaani ni watani tangu babu zangu walipokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani, na mtani hana kazi ya kusifu msibani. Kazi yake ni kuyafunua yale ambayo wenye adabu wameyafunika. Siku ile nilisema machache kwa sababu binti yake alikuwa analia mno. Mengine nayasema hapa.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sina habari, anayetaka hayo akaulize huko kwao. Mimi nilimfahamu alipokuja kupanga chumba kilichopakana na duka langu la kushonea, ukuta wa tofali za udongo katikati yetu. Akaingiza kompyuta, kipaza sauti, maspika mawili makubwa, na magodoro machakavu aliyoyaegemeza ukutani ili sauti isitoke. Sauti ilitoka. Ilitoka yote ikaja kwangu, na nikaishi nayo miaka.

Na niseme mapema, asije mtu akadhani namsengenya bure: mtu huyu aliwahi kunikataa. Si mambo ya kuposa, Mungu aniepushe. Alikataa kunirekodi nikiimba. Alirekodi wauza karanga, alirekodi madereva wa bajaji, alirekodi mtu mmoja wa Igunga ambaye alikuwa anawaimbia ng'ombe wake tu, lakini mimi jirani yake, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya Moravian tangu usichana, alinikataa. Nitafika huko.

Alipenda rege kuliko chakula, ila kwa kumtazama usingejua. Kichwani upara mtupu. Mwezi wa kumi, jua la Tabora linakausha mate mdomoni, yeye yumo ndani ya koti la suti. Hakuvuta kitu, hakunywa kitu zaidi ya chai ya tangawizi, na Ijumaa alifunga chumba akaenda msikitini kwa miguu. Vijana waliokuja na misokoto yao ya nywele wakitarajia kukuta moshi walikuta mzee anawauliza kama wameoga. Wakisema biti, aliwakemea waseme mdundo. Alizungumza habari za Jamaika utadhani ameshuka jana asubuhi, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka kwao Uzaramo mpaka hapa, kwa treni.

Chakula chetu alikidharau kwa mdomo tu. Mimi kila siku huweka sahani ya matobolwa juu ya meza ya kukatia nguo, vile viazi vitamu tunavyovikausha juani halafu tunavichemsha, maana hakuna kitu kinachoshikilia tumbo la fundi kama hicho. Alikuwa akiingia, anaiangalia sahani kwa huruma, anasema Wanyamwezi hawa wamelaaniwa, wana kiazi kizima wanakiua mara mbili ndipo wakile. Huku mkono umeshachukua kipande. Mtani akichukua hajaiba, ndiyo sheria yetu, kwa hiyo sikuwa na la kufanya ila kumtukana. Nilimwambia njaa ya pwani haiponi hata ikivushwa kwa reli. Sikumpa hata siku moja kwa hiari yangu, na hakuomba hata siku moja.

Alikuwa na vituko vingine ambavyo mtaa mzima ulivifasiri vibaya, mimi nikiwa wa kwanza. Simu yake ilikuwa ikilia juu ya meza mpaka inanyamaza yenyewe, wapita njia wote wameisikia, yeye ameketi pale pale ametulia. Tukasema anaringa. Akizungumza na mwanamke alimkodolea macho mdomoni, hayabanduki. Kina mama walikuja kulalamika kwangu, nikawaambia wamsamehe, Mzaramo hajafundwa. Na alipokuwa kazini hakukaa kama mafundi wenzake wanavyokaa. Alibandika kiganja juu ya spika, akafumba macho. Vijana waliona ni maajabu, wakanong'ona kwamba fundi anausikia muziki kwa damu. Mimi niliona ni maringo tu.

Sasa hiyo albamu yake. Wajamaika wana mtindo: unapigwa mdundo mmoja, halafu anakuja mwimbaji huyu na maneno yake, anakuja yule na ya kwake, huyu analia mapenzi, yule anasali, yule anaisema serikali, wote juu ya mdundo ule ule, kisha nyimbo zote zinawekwa katika sahani moja ya santuri. Fundi mitambo alikuwa amezipenda sahani hizo tangu ujana, akaapa kwamba Tabora nayo itakuwa na ya kwake. Alieleza mpango huo kwa kila aliyeingia, hata kwa wateja wangu waliokuja kupunguziwa sketi. Alisema mdundo ni njia. Njia ya Ujiji ilikuwa moja, akasema, aliyebeba pembe alipita hapo, aliyebeba shanga alipita, aliyefungwa mnyororo alipita, na kila mmoja alikuwa na wimbo wake. Nakiri ni maneno mazuri. Lakini maneno mazuri yakisemwa kila siku kwa sauti ya kuamrisha yanachosha, na mimi nilichoka.

Mwishoni mwa sahani, akasema, Wajamaika huacha mdundo mtupu usio na mtu, ili yule ambaye hakualikwa naye aimbe nyumbani kwake. Nilimwambia hiyo ni njia ya kujaza nafasi pale waimbaji wanapokwisha.

Mdundo wenyewe aliurekodi jioni moja ya mvua, vijana watatu, wa dramu, wa besi na wa gitaa la kukwangua. Walipiga mpaka wakatoka jasho. Yeye akachagua kipande kifupi kilichomridhisha, akakirudia rudia ndani ya kompyuta mpaka kikawa na urefu wa wimbo. Kiganja juu ya spika, macho kafumba, akatabasamu. Kazi imekwisha.

Kumbe ndani ya kile kipande alikuwemo nyenje.

Nyenje wa mvua, wale wanaokaa kwenye nyufa za ukuta. Alikuwa amelia mara moja tu, vijana wakipiga, na kipaza sauti kikamnasa vizuri kuliko kilivyolinasa gitaa. Kipande kiliporudiwa, nyenje naye akarudiwa. Besi inazunguka, inarudi, kriii. Inazunguka, inarudi, kriii. Na kwa kuwa waimbaji wote waliimba juu ya mdundo huo mmoja, hakuna aliyepona. Mwalimu wa sekondari anabembeleza mpenzi wake, kriii. Dereva wa bajaji anailaani barabara, kriii. Muuza karanga, mama mwenye sauti nene ya kuitia ng'ombe, anamlilia mume aliyehamia Mpanda, na nyenje anamwitikia. Mtu angekosea katika wimbo mmoja tungesema bahati mbaya. Huyu aliweza kukosea mara moja akaharibu nyimbo zote.

Nilimwambia. Hili liandikwe popote panapoandikwa mambo: nilimwambia wiki ile ile, kabla mwimbaji hata mmoja hajaingia. Nilisimama mlangoni kwake nikamwambia, Mzaramo, umerekodi nyenje. Akajibu kwamba nyenje ni ukoo wetu, nimsalimie shangazi yangu. Nikacheka, maana lilikuwa jibu zuri. Kisha nikakaza uso, nikamwambia sifanyi utani, yumo humo, asikilize vizuri. Akacheka mpaka akashika mlango. Kila mtu anajua mtani aliyekaza uso ndiye hatari kuliko wote, na kadiri nilivyosema kweli ndivyo alivyonisifu kwa kujua utani.

Na wengine je? Vijana walimwamkia shikamoo fundi, wakaitikiwa marahaba, wakaimba, wakaondoka. Nani atamwambia mzee mwenye koti kwamba kuna mdudu? Wengine walidhani amemweka makusudi. Yule mwalimu wa sekondari alikuwa anaeleza kwamba ni sauti ya usiku wa Unyamwezi, ishara ya asili yetu. Msomi akikosa la kusema huita ishara. Nyuma ya mgongo wa fundi, stendi nzima ya mabasi iliiita albamu ya nyenje, na waliokuwa wanaweza kumwambia kwa heshima hawakumwambia, na mimi niliyeweza kumwambia bila heshima sikuaminika. Nikawa nasema tu: sikio la kufa halisikii dawa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Sasa la kwangu. Mama yangu alifia hospitali ya Kitete mwaka ambao fundi mitambo anaanza kukusanya waimbaji. Nilirudi dukani baada ya matanga, nikakaa kwenye cherehani, ukutani mdundo unazunguka asubuhi hadi jioni, na mguu wangu juu ya pedali ukaanza kuufuata bila idhini yangu. Juu yake nikaanza kuimba kidogo kidogo. Mama kaacha mlango wazi, nani wa kuufunga? Ndivyo ulivyoanza. Ulinitoka wenyewe ubeti kwa ubeti, nikishona sare za shule za watoto wa watu huku machozi yanalowesha kola. Nilimjua hata nyenje anapolia, na pale anapolia mimi nilivuta pumzi, nikampa nafasi yake. Hakuna mwimbaji katika ile albamu aliyeujua mdundo ule kama mimi niliyekuwa nje yake.

Nilitaka ubaki. Sikutaka jina wala redio. Nilitaka wimbo wa mama uwe mahali ambapo hautapotea nikiusahau, basi. Siku moja nikavaa gauni la kanisani, nikagonga kwake, nikamwambia Mzaramo, leo utarekodi mtu. Akaniweka mbele ya kipaza sauti. Akabandika kiganja juu ya spika, akanikodolea mdomo, nikaimba wote, tangu ubeti wa mlango mpaka ule wa mwisho, wa kufuli.

Nilijiandaa kwa matusi. Nilitarajia aseme Wanyamwezi wanalia vizuri kuliko wanavyoimba, au kwamba mama yangu amekufa ili asinisikie. Kwa watani hilo ni pole, nasi tumezikana hivyo miaka yote. Badala yake aliinuka, akavua miwani, akatazama chini. Akasema, "Samahani, dada. Sauti yako haitakaa kwenye mdundo huu."

Dada. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Hata mzaha mmoja wa kunipa pole hakuna. Alinisemesha kwa adabu, kama mtu wa benki anavyomsemesha mkulima, na adabu ile iliniumiza kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa. Ningetukanwa ningejua nimesikika. Nilirudi dukani nikavua lile gauni, na wimbo sikuuimba tena hadharani.

Albamu ilipotoka nilimkagua kila aliyeimba, na nilichokiona kilinichoma zaidi. Wanawake aliowachukua wote walikuwa na sauti za kiume. Wenye sauti nyembamba, mimi na binti mmoja wa kwaya ya Katoliki, tulitupwa. Nikasema huyu hana muziki, ana kelele. Picha ya jalada aliwapeleka kupigia Kwihara, mbele ya lile tembe alilokaa mzungu wa zamani. Akawapanga waimbaji mstari mmoja, kila mtu na spika au ngoma kichwani, mfano wa wapagazi, na yeye kasimama mbele na fimbo, hana mzigo. Nilimwuliza Wazaramo wataacha lini kuwabebesha Wanyamwezi mizigo. Akasema babu zangu walikuwa wanabeba bila kuambiwa, na wakifika pwani wanauliza chumvi ya baharini hupandwa mwezi gani. Alirudia utani wake, ndiyo. Mimi nilijibu kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeshaacha.

Miaka ikaenda. Vijana wakaanza kupika biti zao kwenye simu, chumba chake kikapungua watu, mwisho akauza maspika akahamia Kwihara kulima karanga, naye si mkulima, shamba lake lilikuwa kichekesho cha kijiji. Kwenye kile chumba likaingia duka la dawa za mifugo. Ukuta ukanyamaza. Sikumkumbuka, na kama nilimkumbuka ni kwa sababu ya ukimya, si kwa sababu yake.

Mavuno yaliyopita nimekaa nashona, akaingia. Koti lile lile, ndani yake amebaki nusu mtu. Nikamwambia Mzaramo, nilidhani tumeshakuzika, nilikuwa nimeshaomba udhuru wa kutohudhuria. Alivuta kigoda akakaa karibu na mashine, na ndipo nikaona ana kidude nyuma ya sikio, cha rangi ya ngozi ya Mhindi.

"Nyenje yumo," akasema.

Nikaacha kukanyaga pedali.

Akanieleza polepole. Binti yake alimpeleka Dar es Salaam kwa daktari wa masikio, akavishwa kidude kile. Siku ile ile jambo la kwanza alifungua albamu yake kwenye simu, akasikia kitu kinalia, akadhani kidude ni kibovu, akakirudisha kwa waliokitoa. Wakamwambia ni kizima. Akasikiliza wimbo wa pili, na wa tatu, na wote. Akasema tangu kabla hajahamia Gongoni masikio yake yalikuwa yameanza kuzipoteza sauti nyembamba, ndege, simu, watoto, kwa sababu ya miaka ya kulala karibu na maspika. Akajifunza kusoma midomo na kuipapasa besi kwa mkono. Alikuwa hajamwambia mtu. Fundi mitambo asiyesikia, akaniuliza, nani angempelekea wimbo wake?

"Uliniambia," akasema.

"Nilikuambia."

"Nilidhani ni utani."

"Ulikuwa utani. Na nyenje alikuwemo."

Mimi nilikuwa nashikwa na hasira upya, hasira ya miaka yote ikinipanda kifuani, maana sasa nilikuwa nimeanza kuelewa. Nikamwambia kwamba nilimlilia mama yangu mbele yake, naye akaniita dada akanifukuza.

"Niliona mdomo wako unafunguka," akasema. "Niliona machozi. Nilisikia upepo tu. Utani ni wa mtu aliyesikia, Mnyamwezi. Mimi ningekutukana kwa lipi?"

Palikuwa na mteja, mama mmoja wa Kitete, anasubiri gauni lake la kitenge. Sikumjali. Nilimwambia mzee yule kwamba ni mwongo, mwoga, mpumbavu wa mwisho, kwamba alikubali mtaa mzima umwone mkorofi kuliko kusema sikio limeharibika, kwamba aliukataa wimbo wa mama yangu akauacha uzeeke kifuani mwangu kwa ajili ya maringo yake. Nilisema kwa ukali na sikutania hata neno moja. Alisikiliza yote, na safari hii hakuangalia mdomo wangu. Aliangalia sakafu.

Nilipochoka, akatoa simu, akaiweka kwenye meza ya kukatia nguo, akaufungua mwisho wa albamu, ule mdundo mtupu. Besi ikazunguka, ikarudi, kriii. Aliposikia yule nyenje alikunja uso, mtu anavyokunja uso akiumwa jino.

Hakuniomba niimbe. Angeniomba ningekataa. Mguu wangu ndio uliorudi kwenye pedali, huo hauna akili, na mdomo ukafuata. Mama kaacha mlango wazi. Sauti yangu si ile, imeshuka, huku juu inakwaruza, lakini nyenje alikuwa mahali pake na mimi nikavuta pumzi pale pale nilipokuwa navuta. Yule mama wa Kitete alikaa chini. Niliimba mpaka kwenye kufuli. Fundi mitambo alikuwa amekaa na mikono yote miwili mapajani, hakugusa kitu.

Mdundo ulipokwisha alikirekebisha kile kidude nyuma ya sikio, akapangusa macho kwa mkono wa koti, akaanza kucheka ndani kwa ndani.

"Nimesikia kila neno, Mnyamwezi," akasema. "Hujui kuimba. Hata nyenje anakushinda."

Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuelekea kwenye matobolwa. Nikamwambia achukue sahani yote.